Mtetezi Asiye na Jumuiya: Kusadikika Kisomwapo Tunduma

Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, na kuanzia 1952 hadi 1960 alifanya kazi katika ofisi ya upimaji wa ardhi mjini Tanga. Wengi walioandika habari za maisha yake huzitaja kazi hizi kwa haraka, kama kwamba zilikuwa chakula chake tu na hazikuwa na sehemu katika fikira zake. Walakini kati ya kazi ile ya kwanza na hii ya pili, katika mwaka wa 1951, kilitoka kitabu chake Kusadikika, hadithi ya nchi iliyo angani ambayo mipaka yake ni pepo. Mtu aliyekwisha kuhesabu kwa miaka mingi bidhaa zivukazo mipaka ya serikali aliwatungia wasomaji wake nchi ambayo mpaka wake hauwezi kuwekewa jiwe, wala kulindwa na askari, wala kuchorwa katika ramani. Jambo hili lastahili kutazamwa kwa makini kuliko lilivyotazamwa hata sasa.

Kisa chenyewe chajulikana. Karama ashtakiwa mbele ya mfalme kwa kosa la kutaka watu wa Kusadikika wafundishwe sheria. Mshtaki wake ni waziri Majivuno. Karama apewa siku sita za kujitetea, na kwa siku hizo hamwombi mfalme huruma, bali ayasimulia mambo ya wajumbe sita waliokwenda mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, mbinguni na ardhini, wakarudi na mafunzo yenye manufaa kwa nchi yao, na kila mmoja wao akalipwa kifungo. Mwisho wa kesi Karama aachiliwa na wafungwa wafunguliwa. Wahakiki wengi wamekisoma kitabu hiki kama fumbo juu ya utawala wa kikoloni, na kusoma huko ni kwa haki. Majivuno ni kila mtawala adhaniye kwamba elimu ya raia ni uhaini wa raia.

Kusoma huko, hata hivyo, kwaacha swali moja bila jibu. Karama ashinda kwa nguvu ya nani? Swali hili laweza kuulizwa Dar es Salaam au Nairobi, lakini huuma zaidi liulizwapo mpakani, mahali ambapo sheria si fumbo bali ni karatasi iliyo mfukoni mwa mtu, au isiyokuwamo. Kwa sababu hiyo yafaa kitabu kisomwe Tunduma.

Tunduma ni mji wa Mkoa wa Songwe, mkoa uliotengwa na Mbeya mwaka 2016, wenye makao yake makuu Vwawa. Katika mkoa huu na kandokando yake wanakaa Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali, Walambya, Wawanda, Wabungu, Wamalila na wengine. Mpaka upitao hapo haukuwekwa na hata mmoja wao. Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1890 yaliuchora kwa mbali. Tume ya mwaka 1898 ikaupima juu ya ardhi. Mapatano ya 1901 yakauthibitisha. Tangu hapo Wanyamwanga wamekuwa watu wa dola mbili, wengine upande wa Tunduma na wengine upande wa Nakonde, ambao leo ni Zambia. Wandali na Walambya nao wametengwa na mto Songwe, wengine Ileje na wengine Malawi. Barabara kuu iendayo Zambia na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, zimeufanya mji kuwa mlango wa shaba ya Kongo na mizigo ya Dar es Salaam. Na mwaka 2019 kilifunguliwa kituo cha pamoja cha mpakani, ambamo maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja. Mizigo imerahisishiwa safari yake. Swali la watu ni jingine.

Katika siku za amani, mpaka wa Tunduma hausumbui sana. Mama huvuka kwenda msibani kwa dada yake na kurudi jioni. Shamba la mtu huwa huku na wajomba zake wakawa kule. Mtoto huzaliwa katika hospitali iliyo karibu, iwe ya upande wowote. Maisha ya namna hii si uvunjaji wa sheria kwa nia, ila ni ujirani uliozoeleka kabla ya sheria kufika. Lakini siku itokeapo fitina, ya ardhi, au ya malisho, au ya uchaguzi, karatasi iliyolala huamka. Neno la kwanza la ugomvi huwa si hoja, bali ni swali: huyu ni wa wapi? Asiyeweza kulijibu swali hilo kwa cheti hujikuta ameshindwa kabla kesi haijaanza. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 yamtaka mtu aweze kuonyesha asili yake. Na asili ya mtu wa mpakani aghalabu imo katika vinywa vya wazee, haimo katika daftari.

Wala si wavukao mpaka pekee wapatwao na swali hilo. Mwaka 2006 na 2007, wakati Songwe ingali sehemu ya Mkoa wa Mbeya, wafugaji wengi pamoja na mifugo yao waliondolewa katika bonde la Usangu na Ihefu, na wengi wakaelekezwa Lindi. Walikuwa Wasukuma, Wabarabaigi, Wamasai na wengineo, raia wa nchi hii kwa kuzaliwa. Malalamiko juu ya namna kazi ile ilivyofanywa yalikuwa makubwa hata Rais akaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Othman Chande. Waliowaondoa walikuwa na hoja ya kulinda maji ya mto Ruaha, na hoja hiyo haikuwa tupu. Lakini mfugaji katika mkasa ule alitazamwa kwanza kama mtu wa kuja, na haki zake zikatazamwa baadaye. Hali hii ndiyo kipimo cha kitabu: sheria ipo, katiba ipo, tangu 1984 haki za binadamu zimo katika Katiba na ubaguzi kwa ajili ya kabila umekatazwa kwa maandishi, na bado mtu aweza kupotewa na haki yake kati ya asubuhi na jioni, kwa kuwa hapana asimamaye kati yake na mkono umwondoao.

Sasa na turudi kwa Karama. Sifa yake kubwa ni kwamba ajua tofauti ya huruma na haki. Kama angaliomba msamaha, labda angalisamehewa, na kesho yake mwingine angalishtakiwa kwa kosa lile lile. Yeye achagua njia ndefu: aleta mashahidi mmoja mmoja, aweka mfano juu ya mfano, hata kesi yake iwe kesi ya watu sita waliosahauliwa gerezani. Hili ni fundisho la kweli la uwakili, na kitabu kinalifundisha vizuri kuliko vitabu vingi vya sheria. Mtetezi mwema hamtetei mtu mmoja tu. Aifukua desturi iliyomdhulumu.

Lakini kitabu kina upungufu mitatu, na kila mmoja waonekana wazi kwa msomaji wa mpakani.

Upungufu wa kwanza ni kwamba Karama yu peke yake. Ataka watu wafundishwe sheria, lakini watu wenyewe hawasimami nyuma yake. Umati wa Kusadikika ni wasikilizaji. Wasikia, washangaa, wabadili mioyo yao, kisha kitabu chafungwa. Hapana chama, hapana mchango, hapana hata kikao cha usiku cha kumtayarishia mtetezi ushahidi wake. Kama Karama angaliugua siku ya tatu, wajumbe watatu wa mwisho wangalibaki gerezani, kwa sababu habari zao zilikuwa kichwani mwa mtu mmoja.

Upungufu wa pili ni kwamba ushindi watoka kinywani mwa mfalme. Sikio la mfalme lingeweza kuwa zito siku ile, na hoja zote sita zisingalifaa kitu. Haki itegemeayo mwelekeo wa moyo wa mtawala ni zawadi, na zawadi yaweza kurudishwa.

Upungufu wa tatu ndio mkubwa. Majina ya watu wa Kusadikika ni majina ya tabia. Hapana atambulikanaye kwa kabila lake. Kwa hiyo dhuluma katika kitabu ni moja tu, ya mkubwa kwa mdogo, ya baraza kwa raia. Hakuna dhuluma ya jirani kwa jirani. Kitabu hakiulizi: je, itakuwaje umati wenyewe ukiwa ndio Majivuno? Itakuwaje walio wengi wakisimama mlangoni mwa walio wachache wakiwaambia waondoke, na mfalme akanyamaza? Katika fitina za makabila, hatari ya kwanza haishuki kutoka barazani. Hutoka uani, kwa watu walioazimana chumvi jana.

Mtu aweza kumtetea mwandishi kwa kusema kwamba hadithi si kitabu cha kanuni, na kwamba mwaka 1951 hapakuwa na mfano wa jumuiya ya raia wa kumwonyesha njia. Sehemu ya kwanza ya utetezi huu yakubalika. Sehemu ya pili hailingani na historia. Chama cha Waafrika kilikuwako Tanganyika tangu 1929. Tena katika mwaka ule ule wa 1951, mwezi wa Novemba, Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ya Ngare Nanyuki, chini ya mlima Meru, ili nafasi ipatikane kwa walowezi wa Kizungu. Wameru hawakuwa kabila kubwa. Hawakuwa na mfalme wa kumlilia, maana serikali yenyewe ndiyo iliyowaondoa. Walichokuwa nacho ni umoja wao wa raia, ambao ulikusanya fedha kwa watu wake, ukaandika madai yake, ukamtuma Kirilo Japhet pamoja na mwanasheria Earle Seaton mpaka New York, mbele ya Umoja wa Mataifa, mwaka 1952.

Hapa historia yakisahihisha kitabu. Kirilo ni mjumbe wa saba, ambaye Shaaban Robert hakumwandika. Yeye pia alivuka mipaka akaenda nchi ya mbali. Lakini tofauti yake na wale sita ni kubwa. Wale sita walikwenda kwa ushujaa wao, wakarudi na elimu, na walipofungwa hapana aliyeuliza wako wapi. Kirilo alitumwa na watu waliotoa senti zao, na kwa hiyo waliokuwa na haki ya kumwuliza: umesema nini, na umejibiwa nini? Wala hakurudi na ushindi. Katika Baraza Kuu azimio la kuwaunga mkono Wameru halikupata theluthi mbili za kura zilizotakiwa. Kwa kipimo cha hadithi, Kirilo alishindwa mahali ambapo Karama alishinda. Lakini kushindwa kwake kuliwaachia watu kitu ambacho ushindi wa Karama haukuwaachia Wakusadikika: jumuiya iliyojua kukusanyika, kuweka hesabu, kuandika kumbukumbu na kudai tena. Kesi ile ilienea Tanganyika nzima, na TANU ilipozaliwa mwaka 1954 ilikuta watu waliokwisha kujua kwamba dai la wachache laweza kufika mbele ya dunia.

Mifano ya baadaye yathibitisha jambo hilo hilo. Wamakonde wa pwani ya Kenya, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, waliishi huko miaka mingi bila kitambulisho cha taifa. Mwezi wa Oktoba 2016 walifunga safari ya miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi, wakisaidiwa na mashirika ya haki za binadamu, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Mtazamaji wa mbali huiona ile safari tu. Lakini safari isingalifika popote kama hapangalikuwa na watu waliokwisha kuandika majina, kukusanya ushahidi na kuijua sheria ya uraia kifungu kwa kifungu. Waogieki wa msitu wa Mau nao walipata hukumu ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, tarehe 26 Mei 2017, na hukumu ya fidia mwaka 2022. Utekelezaji wake umekuwa mgumu, na hapo ndipo jumuiya hupimwa: hukumu ni mwanzo wa kazi yake.

Kinyume cha mifano hii ni Kongo ya mashariki. Sheria ya mwaka 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokwisha kukaa huko kabla ya 1950. Sheria ya 1981 ikawanyang'anya. Mamia ya maelfu wakalala wakiwa raia wakaamka wakiwa wageni, na vita vya 1996 vilipokuja, neno la sheria likawa tayari limekwisha kuwaonyesha wenye silaha nani ni wa kufukuzwa. Sheria ya mwaka 2004 ilijaribu kurekebisha, lakini wino haukurudisha waliokufa. Magari yapitayo Tunduma kila siku yakielekea Lubumbashi huwakumbusha watu wa Songwe kwamba nchi ile si ya hadithi.

Fundisho la mifano hii ni moja. Haki za wachache hazitengenezwi siku ya vita. Siku ile mahakama hufungwa, njia hukatika, na kila mtu huuliza juu ya nafsi yake. Kilichowekwa tayari kabla ya fitina ndicho kiwezacho kufaa: daftari la majina, nakala ya cheti iliyohifadhiwa mahali pengine, mzee aliyekwisha kutoa ushahidi wake ukaandikwa, msaidizi wa sheria ajulikanaye kijijini, na kamati ambamo mwenyeji na mtu wa kuja wamezoea kukaa pamoja. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria wasio mawakili, watu ambao kwa maneno ya Kusadikika ni wanafunzi wa Karama. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaupa mkutano wa kijiji neno katika mambo ya ardhi. Vyombo vipo. Lakini mkutano wa kijiji ni wa walio wengi. Na hapo ndipo upungufu wa tatu wa kitabu unaporudi. Kura ya wengi yaweza kumtoa mchache katika shamba lake bila jiwe hata moja kutupwa. Kinachoweza kumlinda ni kuwapo, katika mkutano ule ule, watu wa kabila jingine walio tayari kusema, "Jambo hili si halali," nao wakajua ni kwa kifungu gani.

Tena mlango mmoja umezidi kuwa mwembamba. Tanzania iliondoa mwaka 2019, na kuondoa huko kukaanza kufanya kazi mwaka 2020, tamko lililomruhusu mtu binafsi na shirika lisilo la kiserikali kuishtaki moja kwa moja mbele ya Mahakama ile ya Arusha. Mahakama imo ndani ya nchi, na raia wa nchi hawezi kuipigia hodi yeye mwenyewe. Yampasa kupitia Tume ya Afrika iliyoko Banjul, kama Waogieki walivyopitia. Kirilo alivuka bahari kwa sababu mlango wa nyumbani ulifungwa. Yasikitisha kuona mjukuu wake akielekezwa njia ndefu kama ile.

Liko pia jambo la lugha, ambalo somo la fasihi haliwezi kuliacha. Jumuiya hizi leo huitwa "asasi za kiraia". Neno raia lilitoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni kundi lichungwalo, kisha watu watawaliwao. Kiswahili kimelipandisha cheo: raia wa leo ni mwenye haki, si mchungwa. Lakini katika Tunduma jina hili lina mtego. Ikiwa asasi ni ya kiraia, ni nani atakayemsimamia mtu ambaye uraia wake wenyewe ndio uliotiliwa shaka? Asasi iliyo ya kweli yapaswa kumpokea kabla hajathibitishwa, maana akikwisha kuthibitishwa hana haja nayo sana. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha mabadiliko ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hii ni hatua kubwa, na Karama angaliifurahia; walakini kwa bibi wa Kinyamwanga asemaye lugha yake tu, Kiswahili nacho chahitaji mkalimani. Asiyetajwa kwa lugha aielewayo hajaambiwa kitu.

Tanzania imejivunia, na kwa haki, kutohesabu watu wake kwa makabila. Sensa ya 1967 ilikuwa ya mwisho kufanya hivyo. Hekima hiyo imeiepusha nchi na mengi. Hata hivyo ina gharama yake: asiyehesabiwa hawezi kusema kwamba yu mchache. Kusadikika ni kitabu cha hekima hiyo na cha gharama hiyo pamoja. Kwa kuwanyima watu wake makabila, Shaaban Robert, ambaye asili ya wazee wake ilikuwa ya Wayao, kabila lililotawanyika katika Tanzania, Malawi na Msumbiji, naye mwenyewe akajiita Mswahili, alitaka wasomaji waone utu kabla ya ukoo. Aliona mbali. Lakini kumwona mtu kabla ya ukoo wake si sawa na kutouona ukoo wake anapodhulumiwa kwa sababu yake.

Kwa hiyo hukumu juu ya kitabu haiwezi kuwa ya kukikataa. Kusadikika kimewafundisha vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki kwamba sheria ni ya kila mtu na kwamba kuidai si utovu wa adabu. Vitabu vichache vimefanya hata hilo. Kilichobaki ni kazi ya wasomaji, na ya waalimu wawafundishao. Mwanafunzi wa Vwawa au wa Tunduma huulizwa katika mtihani: Karama ni nani, na sifa zake ni zipi? Yafaa aulizwe na swali la pili: baada ya Karama kuachiliwa, ni nani katika Kusadikika aliyebaki na majina ya wafungwa yaliyoandikwa? Kitabu hakimjibu. Itampasa akatafute jibu kijijini kwao, kabla fitina haijaja kulitafuta kwake.